Gauni la Mama

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kifua kimetulia. Mimi sijambo, kazi tu ni nyingi, wodi imejaa wagonjwa.

Kuna fundi hapa anatia rangi picha za zamani kwa kompyuta. Nimempa ile ya mama, amesimama mlangoni pa studio yako. Akaniuliza: gauni lilikuwa la rangi gani? Nikakwama. Mama alifariki sijaota hata meno, nami nataka angalau hilo nilijue. Niambie.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo. Picha hiyo iache ilivyo. Rangi huvuta macho kwenye nguo, nyeusi na nyeupe hukuachia uso. Tazama kivuli cha kidevu. Nilishinda chumba cha giza siku nzima nikiisafisha picha hadi kikatoka vile. Gauni lilikuwa zuri.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeuliza rangi, umenipa somo. Shangazi anasema waridi, mama mkubwa anaapa ni kijani, na sasa hawasemeshani. Aliyepiga picha ni wewe. Kama umesahau, sema. Kama hutaki nimjue mama yangu, sema pia.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kimya. Nimeandika barua tatu nikazichana.

Sijasahau. Sijawahi kuijua. Mimi sioni rangi yoyote tangu kuzaliwa, na jua huniumiza macho. Ndiyo maana chumba cha giza kilinifaa. Zile soksi za shule ulizochekewa, moja hivi moja vile, nilinunua mimi nikaona zimelingana. Watu walidhani nakataa picha za rangi kwa ukaidi, nami nikawaacha wadhani. Nani angeleta uso wake kwa mpiga picha wa namna hiyo? Mama yako peke yake alijua, na ndiye aliyenichagulia mashati.

Mwambie fundi atie anayotaka, sitakasirika. Ila hiyo uliyo nayo ndivyo nilivyomwona mama yako, tangu siku ya kwanza hadi nilipomzika.

Baba yako

20 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikakumbuka soksi nikacheka peke yangu wodini.

Picha nimeichukua kwa fundi, hajaigusa. Nisafishie nyingine, kubwa ya ukutani. Usiitume. Nimeomba likizo, naifuata mwenyewe.

Binti yako