Upepo Uliolipeperusha Blanketi

Jumatatu, 3 Juni
Chai kitandani tena. Amani huniletea kabla hajaenda kupakia mizigo ya maduka Fordsburg. "Kamata chai, sheri." Kwetu Tanga tunakamata wezi. Kwao Uvira, Kongo, kukamata ni kuchukua tu, hata kikombe. Ninacheka kila siku. Mume wangu mzuri. Ningeolewa naye tena leo hii.
Baridi ya Berea, hapa Johannesburg, inaingia mpaka kwenye mifupa. Sijaizoea.

Jumatano, 5 Juni
Amani ameleta blanketi. Zito, la bluu, lina simba. Nimelala kama malkia. Sikuuliza limetoka wapi.

Ijumaa, 7 Juni
Mama Chantal, Mrundi wa ghorofa ya pili, anatafuta blanketi lake. Lilianikwa kwenye kamba juu ya paa. La bluu, lina simba. Leo alipita mlango wetu ukiwa wazi, akaliona kitandani.
Kesho kuna kikao. Jirani aliyeiba balbu za ngazini hakupelekwa polisi. Wapangaji walimhukumu uani, godoro lake likatupwa nje, karibu na robot, taa za barabarani. Tukifukuzwa hapa hatuna pa kwenda.
Naogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Gogo, bibi wa Kizulu, mwenyekiti wetu wa wapangaji, hajui Kiswahili. Amani hajui Kizulu wala Kiingereza. Nikatafsiri mimi.
Gogo aliuliza blanketi amelipataje.
"Nililikamata kule juu, kwenye kamba," Amani akasema.
Kwa Kiingereza nikasema upepo ulikuwa unalipeperusha, akalidaka.
Mama Chantal anasikia lugha zote mbili. Akanitazama. Akayaacha yapite.
"Aliyelidaka angebisha hodi," Gogo akasema. "Huyu kalilalia."
Hukumu: blanketi lirudi kwa mwenyewe, Amani asugue ngazi kila Jumapili mpaka baridi iishe. Tunabaki.
Chumbani Amani, aliyekuwa ameambiwa na watu nilivyotafsiri, akaniuliza, "Ule upepo ulitoka wapi?"
Nikamuuliza kwa nini alichukua cha mtu.
"Lilikaa pale sana. Nikasema halina mwenyewe. Na wewe ulikuwa unatetemeka."
Nimemkasirikia. Nampenda. Yote mawili kwa pamoja, na sijui nifanye nini nayo.

Jumapili, 9 Juni
Tumelala na makoti. Chai ilikuja kama kawaida.
Amani alisugua ngazi kuanzia juu, akashuka mpaka chini ya ghorofa ya pili. Mama Chantal alishuka kwenda kanisani, akainua sketi asiguse maji ya sabuni. Akanikuta nimesimama karibu na Amani, ghorofa ya kwanza.
"Bibi harusi, leo upepo vipi?"
"Umetulia, mama."
"Afadhali." Akaendelea kushuka.
Amani hakuinua kichwa. "Kamata ndoo," akaniambia.
Nikaikamata.