Nafasi Sita za Kambi

Mama Mapacha,

Nimetangulia msituni. Ulipoingia kuoga nilijaribu kukaa nikashindwa, nimezunguka hii meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hema liko mlangoni, vigingi vimo kwenye ndoo nyekundu. Mapacha wavae viatu vya kufunga, si ndala, njia ya kupanda ina mawe.

Asubuhi hii ulinisikia nafoka kwenye simu ukasema, "Baba, umeanza tena." Sikuanza mimi. Karani wa hifadhi anataka majina ya watu sita, asipoyapata kabla ya saa tatu nafasi yetu ya kambi anawapa wengine. Nikamwambia tuko watano: mimi, wewe, mumeo na mapacha. Akasema, "Mzee, sita ulisema mwenyewe." Kweli nilisema. Wiki iliyopita aliniuliza tuko wangapi, nikahesabu kama nilivyozoea mama yako akiwa hai, naye nikamhesabu. Sasa eti fomu haibadilishwi kwa simu. Wakubwa hao wanajua fomu tu. Daraja la mtoni limeoza mwaka mzima, hakuna anayeliona. Hapo washikeni watoto mikono.

Nawe ukaniambia, "Mama hayupo, Baba, zoea." Chai nikaiacha nusu.

Funga gesi. Chumvi usisahau.

Nikifika ~~nitamwambia amtoe mmoja~~ nitaandika majina yote sita, la mama yako la kwanza. Mkiulizwa langoni mwenzenu yuko wapi, msijibu. Niiteni mimi.

Baba