Tundu la Mlango wa Jikoni

Kaka,

Nakusalimu kwa sababu mama kaniagiza. Mwenyewe nisingeshika kalamu. Hajambo, goti tu linamsumbua. Paka amezalia tena kwenye kabati lako.

Jumamosi nilikwenda kuona maonyesho yako. Zile picha za barabara zinapendeza, hongera. Kisha nikaukuta mlango wa jikoni kwetu, kijani kile kile, na foleni ya watu wakingoja kuchungulia kwenye tundu lake. Nikainama na mimi. Ndani umenichora mimi, nimejikunyata chini ya meza, na marehemu baba kanisimamia na mkanda.

Kumbe ulikuwepo! Miaka yote unaapa siku ile ulikuwa uwanjani unacheza mpira. Ulitazama vizuri mno, maana hata kifungo cha gauni langu kilichong'oka umekichora pale sakafuni. Macho hayana pazia, sawa. Mikono je?

Bibi mmoja nyuma yangu akafuta machozi: "Jamani, msanii huyu anajua kutufanya tuone." Tuone! Wanainama, wanasikitika, wanakwenda kunywa soda. Umewafundisha kazi yako.

Basi nikausukuma ule mlango. Mlinzi akanikimbilia: "Dada, huo haufunguliwi, ni wa kutazama tu!"

Nikamwambia hata aliyeutengeneza alidhani hivyo hivyo.

Lakini ulifunguka, kaka. Kwa kidole kimoja tu.

Mimi,
mdogo wako