Gari Limelia Tena

Jumapili, 2 Juni

Mume wangu! Bado sijayazoea maneno haya mawili. Nimeyaandika tena pembeni ya ukurasa — mume wangu, mume wangu — kama mtoto anayejifunza hati.

Leo kapiga. Jumapili ndiyo siku yao ya simu. Huko saiti wanalipua miamba wapitishe barabara, na simu hazitakiwi karibu na baruti, kwa hiyo kila mtu huiacha yake getini wiki nzima. Nyuma yake foleni ilikuwa inapiga kelele: wewe bwana harusi, fupisha, na sisi tuna wake! Hakufupisha. Kauliza nimekula nini. Kauliza ninalala upande gani wa kitanda. Wake, nikamwambia. Akakohoa.

Atarudi mwezi wa nane. Mwezi wa nane! Hata maua ya harusi hayajakauka vizuri.

Jioni nimekwenda kukaa garini. Kiti cha dereva kiko vilevile alivyokiacha, kimesukumwa nyuma kabisa, miguu yangu haifiki kwenye pedeli. Sikisogezi ng'o! Mle ndani bado kuna harufu yake, grisi na sabuni ya kunyolea. Na utepe wetu mweupe bado uko juu ya boneti. Aliuzungusha mwenyewe asubuhi ya harusi, fundo akalificha kwa ndani, eti pua ya gari la bibi harusi isiwe na fundo. Siku ya kuondoka akasema: usiufungue, tutaufungua wote wawili nikirudi. Nikaapa.

Jumanne, 4 Juni

Gari limelia! Alasiri, nikiwa nafua. Nimetoka mbio na mapovu hadi viwikoni — hakuna mwizi, hakuna paka, upepo tu. Nimelizima kwa rimoti. Sijafika hata kwenye beseni, hilo tena! Ile alamu kaifunga yeye mwenyewe, zawadi yangu ya harusi. Aliniambia mwizi akiligusa tu, mtaa mzima utajua. Haya, mtaa mzima umejua.

Mama mwenye nyumba katoka na mjukuu wake mchanga kifuani, mtoto na gari wanashindana kulia. Kasema, bibi harusi, mwambie mumeo aje ambembeleze wa kwake, mimi nina wangu!

Nimepiga namba ya dharura ya getini. Mlinzi, sauti nzito: dharura gani? Alamu ya gari, nikasema. Nyumba inaungua? Hapana. Kuna mgonjwa? Hapana. Kwa hiyo gari linalia tu? Linalia, baba, na mtoto wa watu hapati usingizi. Kaguna... kisha kamwita!

Sauti yake siku ya Jumanne! Anahema, kakimbia. Kaniambia chini ya dashibodi kuna sensa ya mtikisiko, huenda ina wasiwasi mno, nitafute skrubu yake niigeuze kidogo kushoto. Nimelala chali chini ya usukani na bisibisi yake, simu begani. Nikageuza. Nikagonga kioo taratibu: kimya. Nikagonga kwa ngumi: likalia. Kasema, basi hapo ndipo. Kasema, mke wangu fundi!

Nimekufa mimi. Nizikwe na bisibisi.

Alhamisi, 6 Juni

Limelia tena. Alasiri ileile, upepo uleule. Mlinzi kapokea: "Shemeji, limelia?" Tumeshakuwa ndugu.

Leo mume wangu kasema milango. Nifungue mmoja mmoja, niangalie taa ya dari — mlango ukiwa wazi iwake, ukifungwa izime. Isipozima, swichi ya mlango ule ndiyo mbovu. Nimemsimulia kila mmoja kama mtangazaji wa mpira. Umefungwa... taa imezima! Buti nalo sawa. Kasema rudia wa nyuma kushoto. Nikarudia. Kasema tena, polepole. Nikauliza kuna nini na mlango huu? Kasema hakuna, napenda unavyosema "imezima".

Nimekaa na sentensi hiyo mpaka saa hizi.

Lakini mama mwenye nyumba kaningoja ngazini. Hakutania leo. Macho mekundu. Kasema binti yake halali, mtoto halali, yeye halali, na uani kwake si kituo cha polisi. Ikifika Jumatatu halijapona, liende kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ng'ambo ya mji! Sasa mimi jioni nikakae wapi?

Ijumaa, 7 Juni

Limelia. Nimepiga. Kasema, sasa tazama kitaa chekundu karibu na usukani. Ukizima alamu kinapepesa, kinakwambia ni wapi palipoguswa. Mara moja mlango, mara mbili buti, mara tatu boneti. Nikatazama. Moja, mbili, tatu. Boneti!

Nikamuuliza, mbona hukuniambia tangu Jumanne? Kacheka kile kicheko chake cha puani. Kasema, ningekwambia Jumanne, Alhamisi ungenipigia?

Jamani! Mlinzi nyuma huko: shemeji, mimi simo!

Kaniambia chini ya boneti kuna kitufe, boneti ikifungwa inakibonyeza. Kikiinuka kidogo tu, gari linadhani linaibiwa. Niangalie kutu, niangalie uchafu. Hapo wakaitwa, wanalipua. Hata kwaheri hatukumaliza.

Nimefungua boneti. Hakuna kutu. Hakuna uchafu. Kuna fundo. Fundo letu, nono, jeupe, limekaa juu kabisa ya kitufe! Nikafunga boneti, nikawasha alamu, nikauvuta utepe kwa kidole kimoja.

Limelia!

Basi ndiyo hivyo. Upepo unauvuta utepe huku juu, fundo linateleza kule chini, kitufe kinaruka. Fundi mzima, hitilafu kaifunga kwa mkono wake, kwa mahaba! Nilicheka peke yangu uani mpaka nikashika kioo.

Halafu nikaacha kucheka. Nimeapa sitaufungua. Na nikiufungua, litalizwa na nini? Nitampigia kwa lipi?

Sijampigia.

Jumamosi, 8 Juni

Alasiri nzima nimesimama mbele ya gari, nimeukandamiza utepe kwa viganja vyote viwili. Mama mwenye nyumba dirishani: "Sasa unalipapasa?" Nikasema linahitaji upendo. Kasema hata mimi.

Halikulia. Mikono inauma.

Jumapili, 9 Juni

Hakupiga. Nimevaa gauni lile la kijani ingawa simu haina macho. Jioni mlinzi katuma ujumbe: kazi imechelewa, Jumapili imefutwa, mumeo mzima wa afya, anakusalimu sana. Sana imeandikwa mara tatu. Sijui ni yake au ya mlinzi.

Garini kulikuwa na baridi. Harufu ya grisi imeanza kuisha.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeufungua.

Mama mwenye nyumba alikuja asubuhi na mtoto mgongoni, kauliza shemeji yako anakuja saa ngapi kulichukua? Mtoto kanitazama. Sura imechoka kama ya mtu mzima aliyesafiri usiku. Nikaona aibu. Nikafungua boneti mbele yao. Fundo lilikuwa gumu, nimetumia meno. Nimeufunga utepe hapa, kwenye kifundo changu cha mkono. Sijavunja kiapo, nimeuhamisha tu.

Alasiri upepo ukaja, mkali kuliko wa juzi, mashati kambani yakapigana. Gari kimya! Mama mwenye nyumba kaniletea uji na kanong'ona, mtoto kalala, sasa hilo gari likae hapa mpaka lizeeke. Tumeshikana mikono. Nilifurahi, kweli nilifurahi.

Sasa hivi simu imeita. Mlinzi!

"Shemeji, mbona kimya? Mumeo ameshakuja hapa mara mbili anauliza kama gari limelia."

Nikasema mpe basi niongee naye. Kashusha sauti. Bosi mpya amekaa hapo getini, pasipo dharura hampi mtu simu. Niseme tu neno moja: limelia au halijalia?

Na nyuma yake nimesikia mtu anakohoa. Kikohozi kile. Ninakijua!

Nimesema subiri kidogo, baba, nikaangalie. Simu nimeilaza hapa mezani, haijakatwa. Mkono wa kulia ninaandika. Wa kushoto, wenye utepe, umeshika rimoti, na rimoti ina kitufe chekundu cha kuliliza. Dirisha la juu, la mama mwenye nyumba, liko wazi, mtoto anakoroma kama kipaka.

Mlinzi anaita tena, ninamsikia hata kutoka hapa mezani:

"Shemeji? Limelia?"