Uzi wa Kioo Kidoleni mwa Time

Malindi, Unguja.
14 Septemba 1972.

Mpendwa kaka yangu Matar,

Shikamoo. Natumai baridi ya huko haijakuonea na kifua chako kimepoa. Sisi wazima, alhamdulillahi, na safari hii nasema wazima kwa kinywa kipana, si kama barua ile ya mwezi uliopita.

Kaka, pumua. Mkono wa binti yangu Time umepona.

Najua nilikutia hofu nilipoandika kuwa mtoto analia kutwa, kidole kimevimba, na daktari haoni kitu. Kumbe kitu chenyewe kimetoka kwako! Kifurushi chako cha kutoka kiwandani unakofanya kazi kilitangulia, barua ikachelewa. Mama mkwe wangu, Bi Kazija, akafungua akakuta nyuzi mbili zinametameta, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Siku ya arubaini ya mtoto akamvua Time uzi mweusi wa kijicho mkononi, akataka kumfunga wako. "Mjomba mtu kaleta uzi wa nuru. Hasidi na apofuke!" Ule mnene ulikataa kupinda, akamfunga ule mwembamba kama unywele. Jioni tukaukuta umekatika. Nani angejua ni kioo?

Barua yako ikaja Jumatatu, nikaisoma na mume wangu Simai. Umeeleza kuwa kioo cha ndani kimevikwa kioo kingine, mwanga usivuje. Kuwa kuwaka na kuzimika kwake haraka haraka ndiyo habari yenyewe inayopelekwa mbali. Ndani ya uzi mnene mwanga hugonga kuta huku na huku, kama watoto wanaokimbia vichochoroni mwetu, huyu kafika, yule bado. Ndani ya mwembamba hupita moja kwa moja, habari isichanganyike. Na mwanga ukiingia ncha hii, hutokea ncha ile, hata uzi ukiwa kipande.

Hapo Simai hakumaliza ukurasa. Mchana kweupe akafunga madirisha, akawasha tochi chini ya kidole cha mtoto. Kidole kikawa chekundu chote, na juu yake nukta moja nyeupe, ndogo kama ncha ya sindano. Nikaivuta kwa kibano, kikatoka kipande cha uzi wako. Time akapiga chafya, akanyamaza. Nikalia mimi.

Bi Kazija aliona haya siku mbili. Sasa anasema, "Mwambie Matar mara nyingine alete kanga. Kanga haichomi."

Uzi mnene nimeuweka kabatini. Ikiwa kweli nyuzi hizi siku moja zitachukua sauti za watu, basi Time atakuita wa kwanza.

Simai na Bi Kazija wanakusalimu. Nawe nisalimie wifi yangu Shemsa. Mungu akulinde na kila kisichoonekana kwa macho.

Nnapoandika, Time kalala kifuani pangu, na mkono ule aliokuwa hataki uguswe kanishika nao kidole.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Mwanakheir