Beberu wa Baba Mkwe Kanichagulia Darubini

Muharukua, uko hapo? Nacheka peke yangu kama mwehu.

Si unajua wiki tatu nimeshindwa kuchagua darubini ya bunduki kwa mashindano ya kulenga shabaha ya Jumamosi? Ile mpya inayong'aa, au ile kuukuu yenye mikwaruzo. Leo nimezifunga kwenye bunduki mbili, nikazirekebisha kwa mita mia tatu, zote zikapiga katikati. Nikatoa risasi, nikaweka bunduki zote mbili mezani, nikageuka kuandika kwenye daftari.

Mbuzi akapanda mezani. Mbuzi! Yule beberu wa baba mkwe!

Zote mbili chini, juu ya mawe. Zote mbili!

Baba mkwe kaja mbio. "Mkwe, unalia?"

Sikulia. Labda kidogo.

"Basi piga tuone."

Ile mpya, shubiri nzima kushoto. Nikarudia, kushoto tena. Ile kuukuu, katikati. Nikarudia. Katikati, Muharukua! Tundu lile lile!

Mzee kakaa chini kwa kicheko. "Wiki tatu unaandika, mbuzi kamaliza kwa kwato moja!"

Basi naenda na kuukuu.

Ila huyo beberu ndiye alikuwa achinjwe Jumamosi. Nimemwombea asamehewe. Mzee kafikiri, kasema, "Haya. Ukishinda, anaishi. Ukishindwa, tunamla, na wewe ndiye utakayemchuna."

Sasa beberu kasimama mlangoni, ananitazama, anatafuna ukurasa wa daftari langu. Nimemwacha ale.