Mchi na Kafi

Ziwa Nyasa,
Jumapili asubuhi

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Mgongo wa mama unaendeleaje, na mikorosho ya hapo Lionja imeshaanza kutoa maua? Mimi mzima, nimenenepa kwa samaki, na nina habari iliyonishinda kuihifadhi mpaka likizo. Unapata karatasi badala ya simu kwa sababu simu yangu imelala chini ya ziwa. Usicheke bado, nakuja huko.

Unakumbuka uliponisindikiza stendi ya Nachingwea? Ulisema, "Zainabu, wewe hata dimbwi unaliogopa, utafundishaje kwa watu wa ziwani?" Basi shule yangu iko ng'ambo ya ghuba, na tangu mwaka jana navuka mwenyewe kwa mtumbwi mdogo wa mama mwenye nyumba. Peke yangu napenda sana. Nikichoka naweka kafi mapajani, mtumbwi unaelea, hakuna wa kuniuliza. Nikajiona fundi.

Halafu kina mama wa hapa wakaanza kujiandaa kushindana mitumbwi na kijiji jirani, ambacho huwashinda kila mwaka. Katika watano wao mmoja amejifungua, wakaniita mimi nishike nafasi yake. Dada, nilifurahi kupita kiasi. Hapa nilikuwa bado naitwa mwalimu mgeni, na nilishachoka kuwa mgeni.

Siku ya kwanza ya mazoezi nikaharibu. Makafi yao yakishuka, langu liko juu. Yakipanda, langu ndilo linazama. Nikagongana na aliyekaa nyuma yangu, mtumbwi ukayumba, simu ikachomoka kwenye pindo la khanga ikaenda zake. Mama Tumaini, nahodha wetu, akanigeukia. "Mwalimu, mbona unakwenda kinyume na sisi? Nakupa siku mbili. Ukiendelea hivi natafuta mwingine."

Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikamkuta mama mwenye nyumba anatwanga makopa ya muhogo, nikashika mchi nimsaidie. Hapo mikono yenyewe ikanionyesha. Mwenzangu akiinua, mimi nashusha. Si ndivyo tulivyotwanga mimi na wewe tangu utotoni, kinu kimoja, michi miwili, na ole wake atakayeshusha pamoja na mwenzake? Kumbe kwenye mtumbwi nilikuwa natwanga, dada! Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akadhani nimechanganyikiwa.

Kosa nilishalijua, kuliacha ndiyo ikawa kazi. Nikaomba nikae nyuma ya Mama Tumaini. Nikaacha kabisa kusikiliza makafi, nikautazama mgongo wake tu. Ukiinama, nainama. Siku mbili, mabega yanawaka moto. Hakunifukuza.

Jana ufuko ulijaa watu. Wale jirani walitutangulia mpaka katikati ya ghuba, na mikono yangu ikakataa. Ningekuwa peke yangu ningeshaweka kafi mapajani. Lakini mgongo ule uliinama, nikainama. Mama Tumaini akapaza sauti, "Haya, wote!" na mtumbwi ukawa mwepesi kama hauna mtu ndani. Tukawapita karibu kabisa na mchanga. Tumeshinda, dada! Nililia mbele za watu na sioni aibu. Mama Tumaini akaninyanyua mkono, akautangazia ufuko mzima, "Huyu ni mwenyeji wetu!"

Msalimie mama, umwambie binti yake sasa ana mabega ya mwanamume. Shangazi wa Nandagala aliyenipa khanga ya safari mwambie khanga ipo, simu tu ndiyo haipo. Na kaka Issa, huko machimboni Namungo, asinichoshe tena na habari za mpira, na mimi nina timu yangu.

Mchi wangu usimpe mtu. Nikija likizo tutatwanga. Ila siku ya kwanza twende polepole, dada, na uangalie vidole vyako, maana mikono yangu sasa imezoea kushuka pamoja na ya wenzangu.

Mdogo wako ambaye hakuzama,
Zainabu